Sauti ya Pili Ndani ya Utepe

Mama yangu hajui kuimba. Hivyo ndivyo tulivyoamini nyumbani, mimi na kaka zangu wawili, na imani hiyo hatukumficha. Alipokuwa anafua uani, ameketi kwenye kibao chake juu ya mawe meusi ya lava, aliimba mdomo ukiwa umefumba, wimbo mmoja tu, siku zote huo huo. Ulikaa kwenye noti moja muda mrefu, ukapanda kidogo, ukarudi pale pale, ukakaa tena, kisha ukashuka ghafla bila kuaga. Kaka yangu mkubwa alikuwa akipita nyuma yake na kusema, "Mama, ile gari imekwama, tukuje kusukuma?" Sote tulicheka. Mama naye alicheka, akakamua shuka, akaendelea kutoka pale alipoachia.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na kwa sababu bila hilo hamtaelewa jinsi mashine moja chakavu ilivyonifanya niwe mtu wa kushukuru.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina meza yangu Birere, mtaa wa maduka hapa mjini, chini ya kibaraza cha duka la vitenge, kati ya mwanamke anayeuza betri na mwanamume anayechaji simu. Wateja wapya hufika, humwona mwanamke, kisha huniuliza fundi yuko wapi. Huwa nawajibu kwamba fundi ametoka kidogo, atarudi wakishaniachia mashine. Nina hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nazo, na kazi hii haijanisaidia kuzipunguza. Lakini mbele ya mashine iliyofunguliwa nakuwa mtu mwingine, naweza kukaa na skrubu moja asubuhi nzima.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya Jumapili ya mavuno, pasta wa kanisa letu hapa Katoyi aliamua kusafisha stoo. Mle ndani mlikuwa na vitu vilivyoteremka na watu kutoka vilima vya Masisi wakati wa vita. Vililetwa kwa lori, vikawekwa hapo kwa muda, na muda huo ukawa miaka zaidi ya thelathini. Pasta aliniita nikaangalie kifaa kimoja. Mama alinifuata kwa sababu alitaka kuchagua majoho ya kwaya ambayo bado yangefaa kushonwa upya. Pasta alisogeza mabenchi yaliyovunjika, akavuta turubai, na vumbi likatupigisha chafya sote watatu.

"Maman fundi, angalia kama hii kitu inaweza kukusaidia," aliniambia. "Kama haina kazi, kesho tunaipeleka ku ba ferraille."

Ba ferraille ni wale wanaonunua vyuma chakavu, na walikuwa wameshaizungukia stoo tangu asubuhi.

Nimeona kompyuta nyingi zilizozeeka. Birere hutufikia zile ambazo Ulaya wamezichoka, kisha wengine njiani nao wakazichoka. Lakini hii sikuwahi kuona hata picha yake. Ilikuwa sanduku moja kubwa la rangi ya maziwa yaliyoganda. Kioo chake kilikuwa kidogo kuliko sahani, kibodi ilishikana na mwili, na upande wa kulia palikuwa na midomo miwili myembamba ya kuingizia disketi zile pana na laini, zinazojikunja ukizishika vibaya. Nyuma yake, kwa waya mnene, ilifungwa printa ndefu ya chuma. Baadaye nililitafuta kwenye mtandao jina lililoandikwa ubavuni. Nilimpata mtu mmoja tu, mstaafu wa huko Ulaya, aliyeandika kwamba mashine hizo zilitengenezwa chache sana, za ofisini, na kwamba yeye hajawahi kuona hata moja inayowaka.

Nilikuwa bado naizunguka mama aliponipita, akaweka kiganja juu ya kioo, akafuta vumbi polepole.

"Ni ya papa yako," alisema.

Baba yangu simkumbuki uso. Nakumbuka goti lake tu, suruali ya kaki na joto lake, kwa sababu nilikuwa na miaka mitatu alipofariki. Alikuwa katibu wa misheni moja huko Masisi. Asubuhi aliandika barua za hospitali na za shule kwenye mashine hiyo, jioni alifundisha kwaya, mama akiwemo. Katika makanisa yetu ipo Jumapili moja ambayo kila mtu huleta mbele alichovuna, maharagwe, viazi, jibini, kuku aliyefungwa miguu, na kwaya huimba watu wakipita. Kwa Jumapili hiyo baba alitunga wimbo wa sauti nne, akaufundisha kwa majuma mengi, kila sauti peke yake kwanza, kisha zote pamoja. Siku nne kabla ya Jumapili vita vilipanda kilima. Watu wakakimbia, na wimbo haukuimbwa kanisani.

Njiani baba alishikwa na homa, na homa hiyo ndiyo iliyomchukua. Kabla hajafa alimwambia mama asihangaike na makaratasi yaliyolowa, kwa kuwa wimbo wote umo ndani ya disketi. Disketi zilikuwa saba, ndani ya baffle. Baffle ni sanduku la mbao la spika, na kwaya ile ilikuwa na sheria yake: cha kwaya kinakaa ndani ya baffle. Kola za majoho, mishumaa, chuma cha kutolea sauti, vitabu vya nyimbo, vyote vilipangwa nyuma ya spika, kwa sababu hapo palikuwa pakavu na panya hawakufika. Mama alilibeba sanduku hilo kichwani kutoka Masisi, nami nikiwa mgongoni. Miaka ikapita, na lava ilipokula nyumba yetu ya kwanza mjini, aliacha sufuria, aliacha godoro, akatoka na sisi watatu pamoja na baffle.

Wenzake wa kwaya wengine walikufa, wengine walitawanyika hajui wapi. Mmoja tu alimpata, huko Kibumba, akiuza kabichi kando ya barabara, mama wa sauti ya kwanza. Walikumbatiana, wakakaa juu ya magunia, wakajaribu. Yule mama alikumbuka maneno, lakini sauti yake alikuwa ameichanganya na wimbo mwingine. Tangu hapo mama alikuwa na ombi moja, na alilisema waziwazi: "Ile asante hatukuitoa. Ninataka kuisikia ku kanisa, yote, mbele ya kufa."

Nililisikia ombi hilo mara nyingi, na kila mara nilijibu kwamba mashine ya kusoma disketi za namna ile haipo tena duniani. Sasa ilikuwa mbele yangu, imejaa mavi ya mijusi.

Tuliipeleka nyumbani kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mama akitembea kando yake, mkono mmoja juu ya sanduku njia nzima. Niliiweka kwenye meza ya kulia chakula, na kwa majuma matatu tulikula sahani zikiwa mapajani. Sikuiwasha. Fundi anayewasha mashine iliyolala miaka yote hiyo bila kuifungua anastahili moshi atakaoupata. Niliifungua skrubu kwa skrubu. Ndani nilikuta kiota cha mjusi, majivu mepesi ya volkano yaliyopenya hata pasipo na tundu, na kadi za saketi ambazo bila shaka mtu alizichora kwa mkono, maana njia zake za shaba zilipinda na kukwepana, tofauti na mistari iliyonyooka ya siku hizi. Niliziangalia kwa muda mrefu, na naona aibu kidogo kusema kwamba nilizipenda. Kando ya kila kipande paliandikwa namba yake na upande wa kukichomelea. Aliyeitengeneza alijua kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua, akamrahisishia kazi. Sitamjua kamwe mtu huyo, na nimemwombea.

Kapasita za upande wa umeme zilikuwa zimevimba. Nilizibadilisha kwa zile nilizotoa kwenye televisheni tatu mbovu. Mkanda wa mpira unaozungusha disketi ulikuwa umeyeyuka ukawa lami, nikaweka wa redio kaseti. Kichwa cha kusomea nilikisafisha kwa pamba na spiriti. Siku ya kuwasha niliiunganisha kupitia régulateur, kile kisanduku cha kutuliza umeme, kwa sababu umeme wetu huja jinsi unavyotaka wenyewe. Mama alisimama mlangoni.

Kwanza palinuka dagaa walioungua. Kapasita moja niliyoidharau ikapasuka, nami nikatukana kwa Kifaransa. "Kinywa chako," mama alisema, akaondoka zake.

Siku mbili baadaye tuliwasha tena. Feni ikanguruma, kioo kikabaki cheusi kwa muda uliotosha kunikatisha tamaa, kisha alama ndogo ya kijani ikatokea kwenye kona, ikawa inapepesa. Ndani ya mdomo wa kushoto mlikuwa bado na disketi moja, ya programu, iliyobaki mle tangu siku baba alipoinuka kwenye kiti. Mashine ikaisoma kwa kukoroma, na maneno ya Kifaransa yakajipanga: kuunda, kusahihisha, kuchapa. Chini yake ikaniomba niingize disketi ya kazi.

Programu ile nzima ilikuwa ndogo kuliko picha moja tunayotumiana leo kwenye simu, na bado ilijua kupanga aya, kuhesabu kurasa na kurudisha neno ulilolifuta kwa bahati mbaya. Nilizunguka ndani yake siku nzima. Mahali pamoja palikuwa na orodha ya vifungo ambavyo mtumiaji aliruhusiwa kuvipa kazi yake mwenyewe, na baba alikuwa amevipa. Kifungo kimoja kilitoa kwa mkupuo mmoja zile alama za kugawia noti, nukta mbili na mstari wa wima, ili asichoshe vidole. Nilikibonyeza. Alama zikatokea kwenye kioo kwa rangi ya kijani, nami nililia kidogo, kwa sababu hilo lilikuwa jambo la kwanza baba kunionyesha.

Basi nikamwita mama alete disketi. Akaja na baffle kutoka chini ya kitanda, akafungua kifuniko cha nyuma. Disketi zilikuwa ndani ya kitambaa, zimefungwa kwa mpira barabara mgongoni mwa spika. Niliiona sumaku kabla sijaziona disketi.

Disketi huhifadhi maneno kwa nguvu ya sumaku iliyo ndogo mno. Nyuma ya spika pana sumaku kubwa kama kiganja. Kuviweka pamoja ni sawa na kuiloweka barua kwenye beseni na kutegemea kuisoma baadaye. Kwaya nzima ya Masisi, watu waangalifu, ilitafuta mahali pakavu na salama kuliko pote, ikachagua hapo.

Niliingiza ya kwanza. Mashine ikakoroma, ikajaribu, ikajaribu tena, ikasema haisomeki. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Mama alikuwa nyuma yangu anahesabu kwa sauti ndogo. Ilipokataa ya saba, niligeuka nikasema neno ambalo nisingemwambia hata mteja.

"Ni sumaku! Mama, nani aliwaambia muweke disketi nyuma ya spika? Ni nyinyi wenyewe mulifuta wimbo!"

Mama alisogea mezani. Alizikusanya disketi zote saba, akazifunga upya kwenye kitambaa kile kile, akasimama hajui aziweke wapi. Baffle lilikuwa wazi mbele yake na hakuweza kuzirudisha humo. Mwishowe alizikumbatia, akaenda nazo chumbani.

"Kumbe ni miye nilifuta," nilimsikia akisema mlangoni, na hakuwa ananiambia mimi.

Siku iliyofuata alifua, na hakuimba. Ya pili yake vilevile. Sikujua kwamba ua wetu unaweza kuwa kimya namna ile. Nilisikia maji, nilisikia nguo zikisuguliwa, nilisikia majirani wakigombana, na katikati hapakuwa na kitu. Kaka yangu mkubwa alikuja kutusalimu, akapita nyuma ya mama, akangoja, kisha akaingia ndani kuniuliza, "Mama anagonjwa?" Nikamwambia kwamba ni mimi. Nilimwomba mama radhi mara mbili, kwa magoti. Alinishika kichwa akasema hana kinyongo, na nilijua anasema kweli, lakini wimbo haukurudi. Nilijichukia. Ule wimbo tulioucheka utoto mzima sasa nilikuwa natega sikio kuungoja.

Niliirudia mashine kwa sababu tu sikuweza kukaa bila kushika kitu. Nikaifungua printa. Wenyewe waliiita marguerite, jina la ua, maana ndani yake mna gurudumu dogo lenye vijiti pande zote, na kwenye ncha ya kila kijiti pana herufi moja. Gurudumu huzunguka mpaka herufi inayotakiwa ifike juu, nyundo ndogo huigonga, herufi hugonga utepe, na utepe huacha rangi kwenye karatasi. Nilitoa kasha la utepe nione kama umekauka. Ulikuwa utepe wa plastiki nyembamba uliopakwa kaboni, wa kupita mara moja tu na kutupwa. Niliuvuta kidogo kuelekea dirishani nipate mwanga.

Mwanga ulipita kwenye utepe, na ulipita kwa maumbo ya herufi. Kila mahali nyundo ilipogonga, kaboni ilihamia kwenye karatasi ya baba ikaacha pengo safi, herufi baada ya herufi, kwa mfuatano ule ule. Alikuwa ameweka utepe mpya kwa ajili ya wimbo, kwa hiyo hapakuwa na barua wala kichwa cha habari kabla yake. Palianza moja kwa moja, kwa zile herufi ambazo kwaya zetu husomea noti: s, s, s, s, l, s, s, m.

Niliketi sakafuni.

Kwa siku nne niliuvuta utepe ule polepole dirishani, nikinakili kila herufi kwenye daftari la shule. Maneno hayakuwapo, noti tu, mistari minne minne, na mwisho wa kila mstari niliutambua kwa alama za baba. Nilipojaribu kuzicheza kwenye simu, mstari wa kwanza na wa tatu ilipatana vizuri. Wa pili na wa nne iligombana na kila mtu. Nilidhani gurudumu lilikuwa bovu. Nilifungua, nikapima, nikafunga, nikafungua tena. Mwishowe nikachukua daftari na utepe, nikamfuata mama uani. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, unisikilize kidogo," nilimwambia, nikamsomea mstari wa kwanza: so so so so la so so mi.

Ungo ukasimama. "Ile ni soprano," alisema. "Umeitosha wapi?"

Nikamwonyesha nilikoitoa: nikainua utepe kwenye mwanga. Akasogea, akafumba jicho moja, akauangalia bila kuugusa.

"Mustari wa pili unasema nini?"

"Pale njo pameharibika. Do mi mi fa mi mi mi mi."

Akatikisa kichwa. "Haiko yangu. Yangu haianzie chini, inamalizia chini." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku nilipomfokea, akaimba, mdomo wazi safari hii, akizitaja noti moja moja: mi mi mi mi fa mi mi do.

Ilikuwa ile gari iliyokwama. Nilimsikiliza na daftari mkononi, na ndipo nilipojua, mtu mzima mimi, kwamba mama yangu aliimba sauti ya pili. Maisha yangu yote nilikuwa nasikia robo ya wimbo na kusema haufai. Mama akaangalia kule ndani mashine ilipokuwa.

"Ile mashini ilikuwa inalima," alisema.

Sikumwelewa.

"Miye njo nilikuwa nashikia papa yako karatasi, juu isipinde. Ilikuwa inaandika inaenda mpaka ku mwisho wa mustari. Ikifika kule, hairudie ku mwanzo bure. Inageukia palepale, inaandika ikirudi. Sawa vile batu banalima maharagwe ku kilima: unamaliza huku, unageuka, unarudi na ingine. Papa yako alikuwa anaipenda sana juu ya ile. Anasema haipotezi saa." Akanionyesha daftari kwa kidevu. "Soma wa pili kwa kurudi."

Niliusoma kuanzia mwisho. Mi mi mi mi fa mi mi do. Niliusoma wa nne kuanzia mwisho, nikaucheza kwenye simu chini ya ule wa kwanza, na besi ya baba yangu ikatembea taratibu mahali pake. Nilikuwa nimeishika kila skrubu ya mashine ile. Mama hajawahi kuandika herufi moja juu yake, na ndiye aliyejua inavyofanya kazi.

"Mama," nilimwambia, "haukufuta kitu. Kama haungekuwa unaimba ile mustari kila siku, ningejua aje kama imegeuka?"

Alirudisha mkono kwenye maharagwe. "Nilijua nimebeba kitu," alisema. "Nilikosea tu pahali kilikuwa." Akacheka, nami nikacheka na kulia pamoja, hata jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Palibaki jambo moja. Mwisho kabisa wa wimbo, utepe ulikuwa na sauti ya pili peke yake. Ya kwanza, ya tatu na ya nne hazikuwa na herufi hata moja. Nilimwambia mama kwamba pale utepe umetunyima. Akasema hapana, hakuna kosa, niandike vile iko. Nikamwuliza kwa nini. Akasema nitasikia.

Niliuandika wimbo wote upya kwenye mashine ile ile, kwa kifungo cha baba, mama akinitajia maneno. Utepe mpya wa namna hiyo haupatikani popote, lakini Birere bado wanauza karatasi ya kaboni, ile ya kuandikia nakala mbili. Nililaza kaboni juu ya karatasi nyeupe, nikaingiza zote mbili kwenye printa, na nyundo ikagonga. Mama alisimama kando ameshika karatasi kwa vidole viwili ili isipinde. Marguerite ikaenda hadi mwisho, ikageuka, ikarudi, na mama alikuwa akiifuata kwa kichwa.

Disketi iliyofutwa si lazima iwe imekufa. Ukiiandaa upya, mara nyingine inakubali kuandikwa. Kati ya zile saba, tano zilikataa, mbili zikakubali. Nilimwambia mama achague moja, nikauhifadhi wimbo humo. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Niiweke fasi gani sasa?"

"Popote, Mama. Ila haiko mu baffle."

Jumapili ya mavuno ilifika. Akina mama wa Kibumba waliingia na kabichi na viazi, mzee mmoja alileta magurudumu mawili ya jibini, kuku walipiga kelele chini ya mabenchi. Mimi sina shamba. Niliweka kwenye kikapu karatasi ile ya kwanza yenye rangi ya kaboni, na pasta akaipokea kwa uso ule ule aliopokelea viazi. Kiongozi wa kwaya, mwalimu kijana ambaye aliupenda wimbo tangu siku nilipomletea, akatoa sauti. Mama alisimama mstari wa pili, katikati ya wasichana wa alto, kwenye joho alilolitoa stoo na kulishona upya.

Asante kwa mvua iliyokuja, asante na kwa ile iliyokawia. Sauti ya kwanza ilipanda nayo, besi ikaja chini, na katikati nikaisikia ile noti ya uani, imekaa pale pale. Haikuwa imekwama. Zote zilikuwa zinaizunguka. Kaka yangu mkubwa, aliyeketi karibu nami, alinishika mkono akaukaza mpaka ukauma, na hakusema neno lolote la mzaha.

Mwishoni kabisa soprano zilinyamaza, kisha sauti ya tatu, kisha besi. Hata wasichana wa alto walinyamaza, maana mama alikuwa ameshapatana nao. Akabaki peke yake. Baba alikuwa amemwandikia yeye noti za mwisho, kwaya nzima ikiwa kimya: mi mi mi mi fa mi mi do. Hicho ndicho alichokuwa akikiimba juu ya beseni miaka yote.

Nashukuru kwa pasta aliyeniita kabla ya ba ferraille. Nashukuru kwa utepe ambao hakuna aliyekumbuka kuutupa. Zaidi ya yote nashukuru kwamba mama hakutusikiliza tulipomcheka.

Siku iliyofuata alifua. Alipoanza, nilikuwa ndani namenya viazi, na bila kupanga nikaishika soprano kupitia dirishani. Sasa tunafanya hivyo karibu kila akifua. Naiimba vibaya, napotea kila nikifika kwenye la. Mama hanicheki. Anakaa pale pale kwenye mi, ananingoja mpaka nirudi.